Kidonda cha kisukari mguuni: kabla ya kutafuta mashine ya umeme

Miezi michache iliyopita mama mmoja mwenye ugonjwa wa sukari aliingia katika chumba cha kufungia vidonda akiwa na simu mkononi. Mwanawe, ambaye alipata makazi mapya Marekani, alikuwa amemtumia picha ya mashine ndogo yenye nyaya mbili na vibandiko. Alimweleza kwamba mashine hiyo inapeleka umeme kidogo kwenye kidonda, na kidonda kinafunga. Kijana yuko tayari kuinunua. Mama akaniuliza: "Muganga, nimwambie atume?"

Siku ile sikumjibu vizuri. Watu walikuwa wengi mlangoni, nikasema "hapana" na kuita mgonjwa mwingine. Tangu hapo nimeulizwa swali hilo mara kadhaa, na mzee mmoja, ambaye nitamzungumzia hapa chini, hakuuliza bali alitoa fedha kabisa. Kwa hiyo naona ni haki nilijibu kwa urefu. Haya ni maoni yangu kama muuguzi anayefunga vidonda, si tangazo la shirika. Sehemu moja ya maoni haya inalihusu shirika lenyewe.

Nianze kwa kumtendea haki yule kijana. Habari ya umeme na vidonda si uongo wala si uchawi. Ngozi ya binadamu ina umeme wake, mdogo sana kama wa betri iliyokaribia kwisha: upande wa ndani na upande wa nje hauko sawa. Ngozi ikikatika, umeme huo unavuja kupitia kwenye jeraha. Katika karne ya 19 mtaalamu wa Berlin aitwaye Emil du Bois-Reymond alijikata kidole, akaupima umeme huo ukitoka katika kidonda chake mwenyewe. Mwaka 2006 watafiti walionyesha kwamba chembe za ngozi zinaufuata umeme huo kama njia, zikielekea katikati ya kidonda ili kukifunika. Basi wataalamu wakajiuliza: ikiwa kidonda kimelala usingizi, je, tukikiongezea umeme kutoka nje hakitaamka?

Walijaribu. Jaribio moja linalotajwa mara nyingi lilitangazwa mwaka 2001, nalo lilifanyika Texas, Marekani, kwa wagonjwa 40 wenye vidonda vya kisukari miguuni. Wote walivaa kila usiku soksi maalumu yenye nyuzi za fedha, kwa majuma 12. Watu 20 soksi zao zilipitisha umeme, na wengine 20 walipewa mashine zilizofanana lakini zisizotoa umeme, bila wao kujua. Mwishoni, waliopata umeme walipona 13 kati ya 20. Wasiopata walipona 7 kati ya 20. Ukitazama haraka utasema mashine imeshinda. Lakini watu 40 ni wachache, na kwa hesabu za watafiti wenyewe tofauti hiyo haikutosha kuthibitisha kwamba si bahati tu.

Kuna jambo jingine katika jaribio hilo, na hilo ndilo lililonifanya niandike. Wagonjwa wote 40, wenye umeme na wasio na umeme, walipewa viatu maalumu vya kuondoa uzito wa mwili juu ya kidonda. Wote walisafishwa kidonda na kuondolewa nyama iliyokufa kila juma. Wote walifungwa kwa dawa ya kukiweka kidonda katika unyevu. Umeme uliongezwa juu ya hayo yote. Haukuwekwa badala yake. Wale saba waliopona bila umeme hata kidogo walipona kwa kusafishwa, kufungwa na kutokukanyaga.

Ndiyo maana huko huko Marekani, bima ya serikali ya wazee haikubali kulipia umeme huo mpaka mgonjwa awe ametibiwa kwa njia za kawaida kwa siku 30 na kidonda kisionyeshe nafuu. Na kikundi cha kimataifa cha wataalamu wa mguu wa kisukari, katika mwongozo wake wa 2019, kilishauri waganga wasitangulize umeme, sumaku wala mashine za mawimbi ya sauti mbele ya matibabu ya kawaida yaliyo bora. Mwongozo wao wa 2023 pia haukuipendekeza mashine hiyo. Watu hao wanakaa kwenye hospitali ambazo mashine zimejaa. Hawasemi hivyo kwa sababu ya umaskini.

Sasa habari ya mzee wetu. Nimepata ruhusa yake, ila jina nalihifadhi. Alikuwa na kidonda chini ya kidole gumba cha mguu wa kulia, kidogo kama mbegu ya ndimu. Hakikumuuma. Alisikia kwamba mjini yuko mtu mwenye mashine ya umeme ya kutibu miguu ya sukari. Kwa maelezo yake ilikuwa sahani ya kukanyaga inayotetemesha nyayo, yaani mashine ya kukanda misuli, ambayo hata si ile ya Texas. Alilipa kwa kuuza unga wake wa mgao. Alikwenda mara tatu kwa juma, karibu juma zima la nne. Kutoka kambini hadi pale ni mwendo wa saa moja na nusu kwa mguu, na kurudi ni vilevile.

Ndugu msomaji, fanya hesabu hiyo. Saa tatu za kutembea juu ya kidonda, ili kupata dakika ishirini za mashine. Kila hatua uzito wote wa mwili unapita chini ya kile kidole gumba. Alipofika kwetu kidonda kilikuwa kimefika kwenye mfupa, mguu umevimba hadi kwenye kifundo, na harufu ilimtangulia mlangoni. Hospitali ya rufaa ilimkata vidole viwili ili kuokoa mguu. Ile mashine haikumla vidole. Njia ndiyo iliyomla.

Kwa nini aliweza kutembea hivyo? Mimi na wewe tukichomwa na msumari tunachechemea, tunakaa, tunapanda punda au baiskeli ya jirani. Maumivu yanatulazimisha. Mwenye sukari ya muda mrefu mara nyingi mishipa yake ya fahamu miguuni imekufa. Mguu una ganzi. Anatembea juu ya kidonda kama anavyotembea juu ya nyasi.

Jambo hili waganga walijifunza kwa wagonjwa wa ukoma. Daktari mpasuaji Paul Brand, aliyefanya kazi Vellore huko India kuanzia 1946, aliona kwamba miguu ya wenye ukoma haiozi kwa sababu nyama yao ni mbovu. Inaoza kwa sababu haiumi, na asiyeumwa haupumzishi mguu wake. Baadaye alihamia hospitali ya ukoma ya Carville, Louisiana, na huko ile njia ya kuufunga mguu wenye ganzi kwa plasta ngumu, ile anayofungwa mtu aliyevunjika, ikatumiwa pia kwa wagonjwa wa kisukari. Plasta inabeba uzito na kuugawa mguu mzima mpaka juu kwenye muundi. Kidonda kinabaki hakikanyagwi, hata mgonjwa akisahau. Mpaka leo, kwa kidonda cha unyayo cha mwenye ganzi, hakuna mashine iliyoipita njia hiyo. Plasta ina masharti yake: hawekewi mtu ambaye kidonda kina usaha mwingi au ambaye damu haifiki vizuri mguuni, na lazima aliyefundishwa ndiye aifunge. Usijifunge mwenyewe nyumbani.

Pengine utasema: "Huyu muuguzi anatuambia tupumzishe mguu, lakini maji nani atachota?" Nalijua swali hilo, na nitalirudia. Kwanza nikupe mambo ambayo wewe mwenyewe unaweza kufanya leo jioni bila mashine.

Jaribu ganzi. Njia hii ilitoka hospitali ya Ipswich, Uingereza, nayo haina gharama. Lala chali, fumba macho. Mtoto au jirani akuguse kwa ncha ya kidole chake, taratibu, sekunde moja au mbili, asibonyeze wala kusugua. Akuguse kidole gumba cha mguu, kidole cha katikati na kidole cha mwisho, mguu wa kulia kisha wa kushoto. Hayo ni maeneo sita. Wewe sema "ndiyo" kila unapohisi. Ukikosa maeneo mawili au zaidi, mguu wako una ganzi, hata kama hauna kidonda. Njoo kliniki ya sukari, usisubiri kidonda.

Mwenye ganzi asiote moto kwa miguu, asiitie miguu katika maji ambayo hayajapimwa kwa kiwiko cha mkono, asikate sugu kwa wembe. Kila jioni atazame nyayo zake. Kama hawezi kuinama, mtoto amtazamie, au aweke kioo chini. Aingize mkono ndani ya kiatu kabla ya kuvaa. Nimewahi kutoa kizibo cha chupa ya soda katika kiatu cha mtu aliyekivaa tangu asubuhi hadi saa kumi.

Na panya. Wengine watacheka, lakini mwaka 2005 madaktari wa Dar es Salaam waliandika katika jarida la kitaalamu habari za wagonjwa wa kisukari waliotafunwa na panya miguuni wakiwa wamelala, bila kuamka. Katika nyumba zetu za turubai na udongo, na magunia ya mgao chini ya kitanda, panya hawakosekani. Mwenye ganzi alale amevaa soksi nzito au miguu imefunikwa vizuri, chandarua kimeingizwa chini ya godoro pande zote. Chandarua hicho ulipewa kwa ajili ya mbu, lakini panya pia hakipendi.

Kidonda kikishakuwepo, usikikaushe. Wengi tumelelewa na imani kwamba kidonda kizuri ni kikavu, basi tunakianika juani, tunakimwagia majivu, unga wa vidonge au unga wa betri. Yale majivu yanatupa kazi ya saa nzima ya kuyaosha, na chini yake tunakuta nyama iliyokufa. Chembe za ngozi mpya hutambaa katika unyevu, kwenye ukavu hukwama. Ule umeme wa mwili niliousimulia mwanzo nao unahitaji unyevu ili upite. Kwa hiyo ukikifunga kidonda chako kwa kitambaa safi chenye unyevu kama tulivyokuonyesha, tayari una umeme wako mwenyewe kazini, na hakuna aliyekulipisha.

Tukikuondolea nyama iliyokufa kwa kisu na ukaona kidonda kimekuwa kikubwa kuliko ulivyokileta, usikimbie. Mgonjwa mmoja aliwaambia wenzake kwamba tunawakata watu vipande vipande. Ile sugu nyeupe ya pembeni ni kama jiwe ndani ya kiatu, haina budi kuondolewa. Mwombe muuguzi akipime kidonda kila juma kwa rula na aandike kwenye kadi. Kisipopungua hata nusu baada ya majuma manne, hapo kuna jambo: damu haifiki, au kuna vidudu kwenye mfupa, au unakikanyaga. Una haki ya kuuliza ni lipi kati ya hayo, na kuomba rufaa. Mguu ukiwa mwekundu, wa moto, umevimba, una harufu, au ukapata homa, usingoje siku ya kliniki. Njoo siku hiyohiyo, hata usiku.

Ama mashine zenyewe, niseme hatari yake kwa ufupi. Mguu wenye ganzi hauwezi kukuambia kwamba kibandiko kinakuunguza. Kidonda chenye usaha au mfupa uliooza kikifungiwa kibandiko kinafichwa, na siku zinapita. Mashine nyingi zinazouzwa ni za kupunguza maumivu ya mgongo, si za vidonda, ingawa kwenye picha zinafanana. Na wale vijana wanaotaka kujaribu kwa betri ya sola au ya pikipiki, nawasihi waache. Umeme wa watafiti unapimwa kwa vifaa, haukisiwi.

Sasa nirudi kwenye lile swali la maji. Hapa maoni yangu yanawahusu wengine zaidi kuliko mgonjwa.

Bidoni ya lita 20 ni kilo 20. Mama mwenye kidonda akiitwika, kilo hizo 20 zinashuka zote hadi kwenye unyayo wake, juu ya uzito wa mwili. Safari mbili za bomba kwa siku zinaharibu kazi yote tuliyofanya kwa juma. Kumfunga kidonda Jumatatu na kumwacha achote maji Jumanne ni kujidanganya, na sisi waganga tunajidanganya hivyo kila siku. Viongozi wa vijiji na wa mitaa mnajua ni nani katika eneo lenu ana kidonda cha sukari. Hawazidi wachache. Vijana wa nyumba tatu wakigawana zamu, maji yake yatafika bila yeye kukanyaga njia.

Siku ya mgao ni mbaya zaidi. Nimemwona mgonjwa wangu amesimama kwenye mstari tangu alfajiri hadi mchana, bandeji yangu nyeupe ikawa nyeusi. Anaogopa kumtuma mtu mwingine kwa sababu kadi ina jina lake. Naliomba shirika la afya likubaliane na wagawaji wa chakula kwamba mwenye karatasi ya kliniki inayosema "asisimame" aruhusiwe kuandikisha mwakilishi mmoja anayejulikana, au aitwe wa kwanza. Jambo hilo halihitaji mfadhili. Linahitaji mkutano mmoja na sahihi mbili. Na ukimzuia asisimame muda mrefu huku hajala, unamlinda pia na kushuka kwa sukari ikiwa amechoma insulini asubuhi.

Jambo la tatu ni bajeti. Nimesikia katika mikutano wageni wakiuliza ni vifaa gani vya kisasa tunavihitaji kwa vidonda. Nisingependa tujibu mashine. Tujibu plasta, pamba, magongo, vipimo vya sukari vyenye vijiti vyake vya kutosha, na viatu. Fundi wa katambuga sokoni anajua kukata soli nene ya tairi. Akipewa sponji ngumu ya kuweka juu na akaonyeshwa mahali pa kuchimba ili kidonda kisiguswe, ana uwezo wa kutengeneza kiatu kizuri kuliko kandambili nyembamba ambazo wagonjwa wetu wanavaa sasa, zinazopitisha mwiba. Misumari tu asitumie, ashone na kugundisha.

Wala tusiseme kambi ni maskini mno kwa hayo. Nchi jirani ya Tanzania, katikati ya miaka ya 2000, ilianza mradi wa kuwafundisha daktari na muuguzi wake pamoja, wawili wawili kutoka mikoani, kutunza mguu wa kisukari kwa vifaa vya kawaida. Mradi huo uliongozwa na Dakta Zulfiqarali Abbas wa Dar es Salaam na wenzake. Walipoandika matokeo yao mwaka 2011 walieleza kwamba kliniki za miguu zilidumu na ukataji wa miguu ulipungua. Walikuwa na visu vya kusafishia, bandeji, na watu waliojua la kufanya. Sisi tunao wauguzi. Tupewe mafunzo hayo.

Yule mama wa simu alirudi. Safari hii nilimkalisha, nikamweleza haya yote, naye akampigia mwanawe mbele yangu kwa sauti ya juu mpaka chumba kizima kikasikia. Kijana alikuwa mkaidi kidogo. Alisema kule mashine zote ni za kuaminika. Mwishoni alikubali kutuma viatu, na kipimo cha sukari pamoja na vijiti vya aina ileile, kwa kuwa vijiti vya aina nyingine havisomi.

Kwa wengine wenye ndugu ng'ambo wanaotaka kusaidia, vipimo vya kiatu vichukuliwe hivi. Fanya jioni, wakati mguu umevimba kidogo. Mgonjwa akae kwenye kiti, mguu juu ya karatasi mbili zilizobandikwa pamoja, ukiwa umefungwa bandeji yake kama kawaida. Chora kwa kalamu iliyosimama wima, miguu yote miwili, maana haifanani. Tia alama ya msalaba mahali kidonda kilipo. Piga picha karatasi ikiwa na rula pembeni, ndipo uitume. Aombe kiatu kipana mbele, kirefu kupita kidole kirefu kwa upana wa kidole gumba cha mkono, kinachofungwa kwa kamba au kibandiko, kisicho na mshono mgumu ndani. Kikifika, kilete kliniki kabla ya kukivaa, tukikague pamoja. Siku ya kwanza kivaliwe saa moja tu ndani ya nyumba, kisha nyayo zitazamwe.